Kuku wamekwisha, na mama mdogo ameziba njia

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kirua Vunjo, kule juu kwenye migomba. Mume wangu anafanya kazi Dar es Salaam na anakuja mara mbili au tatu kwa mwaka, kwa hiyo kihamba, shamba letu la ukoo lenye migomba, kiko mikononi mwangu: ng'ombe wawili wa ndani, mbuzi wanne, na kuku ambao mpaka mwisho wa Septemba walikuwa 31. Leo wamebaki wawili.

Kihamba chetu kimepakana na cha mama mdogo wa mume wangu, mjane wa baba yake mdogo. Ana miaka kama 70, anaishi na mjukuu wa darasa la nne. Mimi kwetu ni Dodoma mjini, nilipoolewa huku miaka 14 iliyopita sikujua hata kukata majani ya ng'ombe. Huyu mama ndiye aliyenionyesha jinsi ya kufunga mzigo wa majani usinipeleke chini nao kwenye mteremko. Ndiye aliyenizalishia ng'ombe mara mbili, na ile ya pili ndama alitanguliza mguu mmoja, saa nane ya usiku, mvua inanyesha, mimi nimeshika kurunzi natetemeka. Tulikuwa tunapelekeana. Kila asubuhi nilimtuma mtoto na kikombe cha maziwa, naye akichuma mnafu au akikata mkungu, changu kilikuwa pembeni.

Mwisho wa Septemba nilinunua jogoo gulioni, chotara mkubwa, ili nibadilishe mbegu. Nikamfungulia aingie na wenzake. Baada ya siku chache kuku wa mama mdogo wakaanza kufa, kisha wangu. Wanashusha mabawa, wanasinzia, kinyesi kijani, wengine shingo inapinda mpaka kichwa kinaangalia nyuma. Niliwapa maji ya shubiri, nikawapa muarobaini, nikawapa vidonge vya rangi mbili nilivyonunua duka la dawa. Wapi! Watano walioanza kusinzia niliwahi kumuuzia kijana wa bodaboda anayezunguka kununua kuku, angalau nisikose vyote. Waliokufa tuliwatupa bondeni kwenye migomba. Kufika katikati ya Oktoba banda lilikuwa kimya, na kuku wa mama mdogo nao walikuwa wamekwisha. Nilikuwa nimewaweka kwa ajili ya Desemba, Shangazi, unajua huku Desemba wanarudi watu wote.

Sasa kwenye jumuiya, wakati wa maombi, mama mdogo akasema tuwaombee wanaoleta mauti kwenye boma za wenzao kwa tamaa ya soko. Hakunitaja, lakini shingo zote ziligeuka. Na jogoo mwenyewe alikufa katikati, hakufa wa kwanza! Angekuwa yeye ndiye aliyeleta ugonjwa, si angeanza yeye?

Kesho yake mtoto akarudi na kikombe cha maziwa kimejaa kama kilivyoenda. Wiki ile mbuzi wake wawili wakaingia kwenye maharage yangu, naye yuko pale anawaangalia. Halafu nikaamka siku moja nikakuta amepanda masale, ile mimea ya mipaka ya huku, kukata njia yetu ya kwenda mferejini. Njia hiyo inapita kwake, ni kweli, lakini imepitwa tangu enzi za babu. Sasa nazunguka barabarani na ndoo, karibu nusu saa.

Mume wangu kwa simu anasema nipeleke shauri kwa mtendaji wa kijiji, nidai maharage na njia. Wifi anasema nikapige magoti yaishe. Mimi nimefikiria nimnunulie matetea wawili nimpelekee, lakini si nitakuwa nimekubali kwamba mimi ndiye niliyemuulia kuku? Na ng'ombe wangu mkubwa anatarajiwa kuzaa katikati ya Novemba. Nikiamka usiku nawaza hilo tu. Nifanyeje?

Mwenye banda tupu, Kirua Vunjo

Shangazi anajibu

Marahaba mwanangu, na pole kwa hasara.

Niliposoma barua yako mara ya kwanza nilikuwa tayari kumgombeza huyo mama. Nikairudia. Safari hii nikasimama mahali ambapo wewe umepita mbio, kama mtu anayepita mlangoni kwa anayemdai. Jogoo umemfungulia siku ile ile. Watano wagonjwa wamepanda bodaboda. Waliokufa wametupwa kwenye migomba. Hayo matatu umeyasema kwa pumzi moja, kisha maharage ukayapa nafasi yake.

Nikaona na jingine. Kuku wako umewahesabu mpaka wa mwisho: walikuwa 31, wamebaki wawili. Wa mama mdogo hukuniambia walikuwa wangapi. Tutalirudia hili.

Tuanze na ugonjwa. Dalili ulizotaja ni za kideri, wengine wanakiita mdondo. Kinaletwa na virusi, na virusi hivyo vinaweza kukaa ndani ya kuku tangu siku 2 hadi wiki 2 hivi kabla hujaona chochote, mara nyingi siku 5 au 6. Kwa hiyo jogoo aliyewika vizuri ndani ya tenga gulioni angeweza kuwa tayari anacho. Gulioni wanachanganywa kuku wa boma nyingi kwenye tenga moja, wananyeana na kunywa bakuli moja. Na hiyo hoja yako ya kufa katikati, mwanangu, iache. Kuku hawafi kwa foleni. Mwenye nguvu kidogo, au aliyewahi kuchanjwa alikotoka, anaweza kuwamwagia wenzake ugonjwa na yeye akaendelea kudonoa.

Lakini na mama mdogo naye hana ushahidi. Kideri kinakuja kwa kiatu cha mgeni, kwa trei ya mayai, kwa tenga la mnunuzi anayeingia boma hii na kutokea ile, kwa mbwa aliyeokota mzoga. Kuku wake walitangulia kufa, labda walitangulia na kuugua. Hamtajua kamwe ni nani aliyeanza. Hata afisa mifugo akija na maabara yake atawaambia ni kideri, hatawaambia kilipitia mlango gani. Sasa hilo shauri la nani aliyeua, ambalo wewe unataka kushinda na yeye anataka kushinda, halina hakimu. Liacheni.

Yale unayoyajua kwa uhakika yanatosha kukupeleka mlangoni kwake. Kuku mgeni hafunguliwi siku ya kwanza. Anakaa peke yake, mbali, chini ya tenga, wiki 2, na maji yake na chakula chake, na unamhudumia mwishoni baada ya kuwahudumia wenyeji. Hukufanya hivyo. Mzoga wa kuku unachomwa au unafukiwa shimo refu ambalo mbwa hafiki. Nyinyi mliutupa bondeni, na kuku wa vihamba hawajui mpaka, wanachakura kote. Sitashangaa kama yule mama alimwona mbwa anapita na mguu wa kuku mdomoni wakati wa kwake bado wanaendelea kufa.

Na wale watano. Hapa nitakuwa mkali kidogo, maana hili watu wengi wanalifanya na wanaliita ujanja. Kuku anayesinzia hauzwi. Yule kijana hakwenda nao moja kwa moja jikoni kwa mtu, alipita nao boma nyingine tatu nne kununua wengine, na tenga lake likawa gari la ugonjwa. Yupo mwanamke mahali fulani, Kilema au Mwika, anayeuliza nani kamletea mauti, na hakujui. Pesa ile huwezi kuirudisha. Mara nyingine kuku wa hivyo ni wa shimo tu, na maumivu yake uyameze.

Vidonge vya rangi mbili ungeviacha dukani. Vinaua bakteria, kideri ni virusi, havikutani. Shubiri na muarobaini nazo sizitukani, bibi yangu alizitumia, lakini kuku wake nao walikufa kila kiangazi na yeye akasema ni upepo. Kideri hakina tiba. Kina chanjo. Ipo inayoitwa I-2, inatengenezwa hapa hapa Tanzania, ya kudondosha jichoni: tone moja, jicho moja, kila baada ya miezi 3, kwa kuku wazima tu. Aliyekwisha kuugua haimsaidii. Ilitengenezwa kwa kufikiria vijijini ambako friji hakuna, haiharibiki upesi kama chanjo nyingine, ila jua bado ni adui yake, ibebe kwenye chupa ya chai yenye barafu au maji baridi, na fuata alichokwambia muuzaji kuhusu muda wa kuitumia.

Sasa sikiliza jambo ambalo wauzaji wa chanjo hawalisemi kwa sauti. Chupa ile ni ya dozi mia, mia mbili, hata zaidi. Wewe una kuku wawili. Hata ulipokuwa na 31, ilikuwa chupa kubwa kuliko banda lako, na ndiyo maana watu wengi hawachanji. Kila mmoja anaona ni hasara kufungua chupa kwa kuku wachache, basi kila mmoja anasubiri, na kideri hakisubiri. Chupa hiyo ni ya majirani. Inataka nyumba nane au kumi zikubaliane siku moja, alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa, mmoja ashike kuku na mwingine adondoshe. Huwezi kuifanya kazi hiyo na mtu ambaye hampeani salamu, na huyo mama anajua kila boma la ukoo na kila mtu anamsikiliza. Wewe una miguu ya kwenda duka la dawa za mifugo, yeye ana mdomo. Mnahitajiana.

Matetea wawili usinunue. Nia ni nzuri lakini muda si wake. Virusi vinabaki kwenye kinyesi na kwenye mbao za banda, na huko kwenu juu kwenye ubaridi na unyevu vinadumu kuliko kwenye jua la Dodoma. Utampelekea matetea, watakufa baada ya wiki, na safari hii kweli utakuwa wewe. Kwangua banda, choma takataka zake, lioshe kwa sabuni na dawa ya kuua vijidudu, liache wazi lipigwe jua na upepo. Kaa mwezi, miezi 2 ni bora. Kuku utakaonunua baadaye wawe wamechanjwa, kisha tenga, wiki 2. Wale wawili waliobaki wasiuzwe wala wasigawiwe, wanaweza kuwa bado wanatoa ugonjwa ingawa wao wamepona. Wageni wa Desemba watakula mbuzi. Sijasikia mtu aliyekataa kurudi kwao kwa sababu aliandaliwa mbuzi.

Tuje kwenye masale. Umekaa Kirua miaka 14, umeyaona kwenye kila mpaka. Mimi upande wa mama ni wa Old Moshi, nimekulia kwa bibi, na nikisoma kwamba amepanda masale njiani nilicheka, halafu nikanyamaza. Jani hilo lina kazi mbili. Ya kwanza ndiyo uliyoiona: hapa mwisho wako, hapa mwanzo wangu. Ya pili, Mchagga akimkosea mwenzake akataka yaishe, anampelekea isale, yaani jani hilo hilo. Anayepelekewa isale, kwa desturi, hakatai kusamehe. Mama wa miaka 70 angeweza kukata njia kwa miiba, kwa matawi ya mparachichi, kwa waya. Simwingilii moyoni mwake, huenda alichukua kilichokuwa karibu. Ila nakuambia ujue kwamba dawa ameipanda yeye mwenyewe mbele ya mlango wako.

Lakini usiing'oe ukakimbia nayo! Kwa sababu asiyeweza kukataa anaweza pia kusamehe kwa mdomo tu. Ukiingia na isale mkononi kabla hujasema neno umemfunga kamba. Anza na maneno, tena yawe machache: "Mama, nilimfungulia jogoo wa gulioni bila kumtenga, na mizoga nikaitupa ovyo. Sijui kama ndicho kilichoua kuku wako, lakini sikufanya inavyotakiwa, na hasara imekupata na wewe. Nisamehe." Hapo hujakubali kuua kuku wa mtu. Umekubali ulichofanya. Kisha muulize walikuwa wangapi, na yupi alikuwa anataga, na yupi alikuwa na vifaranga. Kaa umsikilize mpaka amalize. Mayai kwa mama wa umri ule ni sadaka ya Jumapili, ni daftari la mjukuu, ni nauli ya kwenda hospitali. Wewe una maziwa na una mume Dar es Salaam. Yeye alikuwa na kuku.

Baada ya hapo, ukiona bado kagoma, ndipo umtafute mama mtu mzima wa ukoo akusindikize na isale. Mtu mzima, si wifi. Wifi yako ana haraka.

Je, mama mdogo hakukosea? Kakosea. Kumwanika mtu kwenye maombi si kuomba, na mbuzi kwenye maharage ni ukorofi wa makusudi. Lakini ukienda na madai yako siku moja na msamaha wako, ataondoka na madai. Maharage ni debe ngapi? Yahesabu, yaandike, yaache. Mbuzi wakiingia tena, mfunge mbuzi, mrudishe mwenyewe kwa kamba na umwambie kwa adabu, "Mama, huyu amepotea." Mara mbili za hivyo zinatosha.

Mumeo mwambie hivi: huyo ni mama yake kabla hajawa jirani yako. Ampigie simu yeye, amsalimie, ampe pole ya kuku, asitaje njia. Kama hawezi hilo, basi na ya mtendaji asiyaseme kutoka Dar es Salaam, kwa sababu atakayebaki anazunguka na ndoo ni wewe. Njia ya mferejini ni jambo zito, silidharau, na kama hadi mwaka mpya haijafunguka mtaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji pamoja na wazee wanaoijua. Hata mkifika baraza la kata, tangu 2021 kwenye mambo ya ardhi kazi yake ni kusuluhisha, halikati hukumu. Mtarudishwa kuketi kwenye benchi moja na mama huyo huyo.

Ng'ombe hawezi kusubiri nyinyi mpatane, kwa hiyo namba ya afisa mifugo wa kata iwe kwenye simu yako leo, na ujaribu kuipiga ujue kama inapokelewa. Natumaini huyu anayekaribia kuzaa umeshamkausha, maana miezi 2 ya mwisho hakamuliwi. Ukiona kiwele kimejaa na nyama za pembeni ya mkia zimelegea, hamia bandani kwake na kurunzi yako. Vinavyotakiwa kutangulia ni miguu miwili ya mbele na pua juu yake. Ukiona mguu mmoja, au mkia, au chupa imepasuka na saa nzima anasukuma bila kitu kuonekana, piga simu, usivute kwa nguvu. Na kama ni saa nane ya usiku na afisa hapokei, nenda kagonge kwa mama mdogo hata kama hamjaongea. Atakuja. Namfahamu mwanamke wa aina hiyo, atakuja akiwa amenuna, atanawa mikono, hatasema nawe neno, na ndama atatoka.

Ila ningependa msifike huko mkiwa mmenuniana. Kile kikombe cha maziwa, kesho asubuhi usimtume mtoto. Kipeleke mwenyewe. Usiyaruke masale yake, zunguka barabarani.